Tuko saba, na kila mmoja ana bahari yake

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, kwa hiyo kila jambo la familia huishia mikononi mwangu. Mwaka huu tumekubaliana kwenda likizo ya pwani pamoja, kuanzia tarehe 3 hadi 17 Agosti. Tarehe hazibadiliki kwa sababu ndipo shule zimefungwa na ndipo sote tumepata ruhusa kazini.

Tuko saba. Kuna mama yetu mwenye miaka 69, ambaye alibadilishiwa goti la kulia mwaka jana. Kwenye tambarare anatembea vizuri, lakini ngazi anashuka moja moja huku ameshika kitu. Kuna mimi na mume wangu na watoto wetu, mmoja ana miaka tisa na anaogelea, mwingine ana minne na hajui hatari ni nini. Kuna kaka yangu, anayetaka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Na kuna wifi yangu, mke wa kaka, ambaye hajui kuogelea kabisa na anaogopa maji yakifika kiunoni.

Mume wangu anataka kisiwa cha Naxos, Ugiriki, kwa sababu jua la Agosti huko ni la uhakika na mvua hakuna. Kaka anataka pwani ya magharibi ya Ureno, na ametamka wazi kwamba kama hakuna mawimbi hatatoa mchango wake. Wifi ameona picha za Paje, Zanzibar, maji ya kijani kibichi yanayofika magotini hadi mbali, akasema hapo hata yeye ataingia. Mama kila akiulizwa hujibu, "Popote mtakapopenda, wanangu."

Mimi nataka mahali pamoja tu pasipo na lawama. Bahari iwe tulivu na ya joto, mchanga laini, na sote tukae pamoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimesoma maoni ya wasafiri mpaka yameanza kupingana: ufukwe uleule mmoja anauita pepo, mwingine anasema hakuona maji. Kwenye kikundi cha familia cha simu mume wangu na kaka wameanza kujibizana kwa maneno makali. Mwenye nyumba wa Naxos anataka malipo ya awali ndani ya siku kumi.

Nikichagua vibaya nitasimangwa miaka. Nichague wapi?

Mpangaji Aliyebanwa

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Nikikuelewa sawasawa, unatafuta ufukwe mmoja utakaompa kaka mawimbi, wifi maji ya magotini, mama njia tambarare, mtoto mdogo maji ya uvuguvugu na mumeo jua, tena yote kwa saa zilezile. Huo hujaukosa kwa uzembe. Mawimbi ya kuteleza huja pale ambapo bahari kuu imeachwa wazi ipige nchi. Maji hutulia pale ambapo kitu kimeizuia, iwe mwamba, kisiwa au rasi. Mahali pamoja hapawezi kuwa wazi na kukingwa kwa wakati mmoja. Sehemu mbili zilizo jirani zinaweza, na hilo nitalirudia.

Kwanza tuyaguse hayo majina matatu, maana nadhani ndiyo yanayowagombanisha. Mmoja akisema Naxos na mwingine Ureno, kila mtu kichwani ana picha moja. Picha hiyo ilipigwa saa fulani, upepo ukiwa fulani, maji yakiwa yamejaa au yamepwa. Ndiyo sababu maoni uliyosoma yanapingana. Yule aliyeona pepo na yule ambaye hakuona maji huenda wote wamesema kweli, ila mmoja alifika saa kumi jioni na mwingine saa nne asubuhi.

Chukua Paje. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba wa matumbawe mbali na ufuo, na kati ya mwamba na mchanga kuna uwanda wa maji mafupi. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita nne hivi. Maji yakipwa, uwanda wote hubaki karibu mkavu na bahari husogea mbali kule mwambani. Pwani ile siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Wiki zako mbili zitapitia hali zote mbili. Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la Zanzibar la tarehe 3 hadi 17 Agosti, uandike pembeni ya kila siku saa ambazo mtoto anaweza kuoga. Utaona siku nyingine ni asubuhi na nyingine ni baada ya chakula cha mchana. Asiyejua hili hukaa juani saa tatu akisubiri bahari irudi.

Wifi amevutiwa na maji mafupi, na yapo kweli. Ila aambiwe mambo mawili. Mawe ya uwandani huwa na viumbe wa miiba mirefu myeusi, kwa hiyo viatu vya mpira vyenye soli ni lazima kwa kila mtu, na kwa goti la mama kutembea juu ya uwanda ule si jambo la mzaha. La pili ni kasi ya maji kurudi. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, kisha hupungua tena, mbili na moja. Ikiwa yanapanda mita nne, basi zile saa mbili za katikati peke yake huleta mita mbili. Mtu aliyekwenda mwambani akitazama samaki hukuta vijito vya nyuma yake vimekuwa virefu kabla fungu alilosimama halijafunikwa. Asiyejua kuogelea ageuke kurudi mara tu maji yanapoanza kuingia, asingoje yafike magotini. Na kwenye milango ya mwamba, pale ngalawa zinapopita, hakuna anayeoga maji yanapotoka. Mkondo hapo huvuta kwenda nje.

Agosti pia ni kusi. Upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, na pwani ya mashariki huupokea usoni. Ndiyo maana Paje imejaa watu wanaoteleza majini kwa vishada, na kamba zao hupita chini sana juu ya vichwa vya waogaji. Maji yenyewe ni ya kupendeza, nyuzi 25 hivi. Lakini kisiwa hichohicho kina Kendwa na Nungwi upande wa kaskazini, ambako kina ni kirefu kidogo karibu na ufuo, maji hayaendi mbali yakipwa, na kusi hailetwi usoni. Je, wifi anataka Paje, au anataka maji anayoweza kusimama? Muulize hivyo. Huenda jibu likakushangaza.

Naxos ina tabia ya kinyume. Bahari ya Mediterania karibu haipwi wala haijai, ni sentimita chache tu, kwa hiyo ufukwe ulioona asubuhi ndio utakaouona jioni. Mumeo yuko sahihi kuhusu jua. Kinachosahaulika ni upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao hupiga visiwa vya Bahari ya Aegea, Naxos kikiwemo, kwa nguvu zaidi Julai na Agosti. Mara nyingi huanza kupanda kabla ya adhuhuri, hufikia kilomita 40 au 50 kwa saa alasiri, kisha hulegea usiku. Wakati mwingine hukaa siku kadhaa bila kupumzika. Ufukwe unaotazama kaskazini hapo huchafuka, mchanga ukarushwa hadi kuchoma miguu ya mtoto. Unaotazama kusini au uliofichwa nyuma ya kilima hubaki bapa.

Na hapa ndipo penye mtego ambao watu wengi hawauoni. Kwenye upande uliofichwa, upepo hutoka nchi kavu kuelekea baharini. Maji karibu na ufuo yanang'aa, hayana hata kiwimbi, mzazi anaona ni salama, anampa mtoto boya la kuelea lenye umbo la bata. Boya hilo ni tanga. Hatua ishirini kutoka ufuoni upepo unalishika, na mtoto wa miaka minne hawezi kulirudisha, wala baba anayelifukuza kwa kuogelea hawezi kulifikia. Mkienda Ugiriki, vitu vya kujazwa upepo vibaki bwawani. Mtoto avae jaketi la kuokolea maisha lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na mtu mzima mmoja awe naye kwa umbali wa mkono.

Upepo huo huathiri pia meli. Vyombo vya kasi huzuiwa kuondoka bahari ikichafuka, kwa hiyo usipange kutoka kisiwani siku ileile ya ndege. Acha usiku mmoja bara. Mumeo akisikia haya akasema bado anataka Ugiriki, mweleze kwamba visiwa vya upande wa magharibi, kama Corfu na Lefkada, havipigwi na meltemi kwa nguvu ile. Kwa mama, Ugiriki ina jambo moja zuri: katika fukwe nyingi kumewekwa kiti kinachoteleza juu ya reli kutoka mchangani hadi majini, mtu akajiendesha mwenyewe. Uliza kama ufukwe mnaoutaka unacho na kama kinafanya kazi.

Ureno ya kaka sasa. Upepo wa kaskazini wa kiangazi husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo sababu nchi inaweza kuwa na joto la nyuzi 30 huku bahari ya pwani ya magharibi ikiwa 17 au 19. Mtu mzima mwenye vazi la mpira hukaa humo saa mbili. Mtoto wa miaka minne midomo hubadilika rangi baada ya dakika chache. Bendera za huko zinahitaji kusomwa vizuri: kijani unaogelea, njano unaweza kuingia ila huruhusiwi kuogelea, nyekundu huingii, na ile ya mirabaraba ya buluu na nyeupe maana yake waokoaji hawapo kwa muda huo. Watu hukosea zaidi kwenye njano, wakadhani ni "kuwa mwangalifu" tu.

Penye mawimbi pana mikondo inayovuta nje. Kuitambua, simama mahali pa juu dakika kumi utazame: ni ule mwanya wa maji meusi zaidi, laini, usiovunja wimbi, katikati ya mawimbi meupe ya pande mbili. Unaonekana ndio mtulivu kuliko pote, na ndio unaowavuta wanaoogopa mawimbi. Kwa hiyo wifi huko asivuke magoti. Aliyenaswa asishindane na mkondo. Aelee, ainue mkono, aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye mwanya, ndipo arudi. Kaka naye, anayeanza, asitazame urefu wa wimbi peke yake kwenye utabiri. Wimbi la mita moja linalokuja kila sekunde 12 lina nguvu kupita la mita moja la kila sekunde 6. Kwa anayeanza, nusu mita hadi mita moja yatosha, tena na mwalimu.

Ureno hiyohiyo ina pwani ya kusini, Algarve. Inatazama upande mwingine, kwa hiyo mawimbi ya Atlantiki hayaipigi moja kwa moja, na kadiri unavyoelekea mashariki, Tavira na Monte Gordo, ndivyo maji yanavyopata joto na mchanga unavyotanda. Sehemu ya katikati ni ya miamba mizuri mno kwenye picha, yenye ngazi ndefu za kushukia, ambazo kwa goti la mama ni adhabu mara mbili kwa siku. Miamba hiyo pia hudondoka. Tarehe 21 Agosti 2009 mwamba uliporomoka katika ufukwe wa Maria Luísa, karibu na Albufeira, ukaua watu watano. Usitandike mkeka kwenye kivuli chake hata jua likiwa kali.

Sasa lile la sehemu mbili jirani. Badala ya kutafuta ufukwe, tafuta kona, mahali ambapo nchi inapinda na kuwa na pande mbili ndani ya mwendo mfupi wa gari. Kutoka Lagos, Algarve, kaka anaweza kufika fukwe za mawimbi za magharibi kama Arrifana kwa gari ndani ya saa moja hivi, akarudi mchana akawakuta kwenye maji tulivu. Naxos ina kona zake, mahali pa upepo na mahali palipofichwa. Kaskazini ya Unguja ni kona pia, ingawa mawimbi ya ubao si sifa yake na kaka atalalamika. Hasara ya kona ni gari: anayeondoka nalo alfajiri anawaacha wengine bila usafiri, na mkiwa na mama na mtoto mdogo hilo ni suala la usalama. Mtahitaji magari mawili, au nyumba ambayo maji tulivu yanafikiwa kwa miguu.

Umeandika kwamba mnataka kukaa pamoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Naomba nikuulize kwa upole, nani anataka hivyo? Katika barua yote sijaona mtu mwingine aliyelisema. Watu saba wenye uwezo tofauti majini wakilazimishwa kuwa pamoja saa kumi, mmoja hugeuka mlinzi wa wote, na nina wasiwasi atakuwa wewe. Huenda pamoja yenu ikawa chakula cha jioni na asubuhi mbili tatu. Huenda pia nimekosea, na kwenu umoja wa kutwa ndio maana yote ya safari. Hilo liamueni kabla ya kuchagua nchi, kwa sababu linabadilisha nyumba mtakayokodi.

Kuhusu mchango wa kaka, sijui kama ni tishio au ni njia yake ya kusema hasikilizwi. Unaweza kumpa siku nne au tano za mawimbi zilizoandikwa kwenye mpango, uone kama madai yanabaki. Unaweza kugawa likizo, wiki mahali pamoja na wiki pengine, lakini kumfungashia mama mizigo mara mbili na siku nzima kupotea njiani si jambo dogo. Au kaka na wifi watangulie siku chache Ureno, kisha waungane nanyi kokote mtakakokuwa. Hapo wifi atazipitisha siku hizo akitazama, na ni yeye wa kusema kama anaafiki. Kila njia ina mtu inayemnyima kitu. Ninachokusihi ni kwamba anayenyimwa aambiwe sasa, asijue akiwa huko.

Mwenye nyumba wa Naxos mwandikie leo, na umuulize maswali ambayo hayajibiki kwa "pazuri sana": kutoka mlangoni hadi majini ni hatua ngapi, ngazi ni ngapi na zina pa kushika, ufukwe unatazama upande gani, ni mchanga au kokoto pale maji yanapoanza, kina hufika kiuno cha mtu mzima baada ya hatua ngapi, waokoaji wapo kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, hospitali iko umbali gani, na malipo yanarudishwa mpaka tarehe ipi. Maswali hayohayo waulize wa Algarve na wa Unguja, ila wa Unguja uongeze moja: tarehe 8 Agosti saa nne asubuhi maji yatakuwa wapi? Huko usitegemee kukuta waokoaji kwenye kila ufukwe. Hoteli ndiyo ya kuulizwa. Asiyeweza kujibu, au anayekujibu kwa picha tu, naye amekupa habari.

Amebaki mama. "Popote mtakapopenda" yaweza kuwa ridhaa, na yaweza kuwa woga wa kuwa mzigo. Mpigie simu akiwa peke yake, usimuulize kwenye kikundi, na usimtajie nchi yoyote. Muulize kama anataka kuingia majini au kukaa kivulini akiwatazama wajukuu. Muulize kama mchanga mkavu unamsumbua goti kuliko ule uliolowa, maana mkavu huzama na kupinda mguu, na kama daktari wake amemruhusu kukaa kwenye ndege saa nyingi, kwa sababu kati ya chaguo zenu tatu muda wa safari haulingani hata kidogo. Akikujibu, muulize tena taratibu angependa nini kama ninyi nyote hamngekuwepo. Fanya hivyo ndani ya siku tatu, zikibaki saba za yule mwenye nyumba.

Wako,
Mshauri